Maili za Mwaka wa Barakoa

Jumanne ile darasani sikuweza kukaa kwenye kiti.

Mwalimu Iorwerth wa hesabu alikuwa ametutaka tuje na karatasi za mishahara yetu wenyewe, maana anasema asilimia za kwenye kitabu hazimuumi mtu. Tulikuwa tisa, watu wazima watupu, katika chumba cha juu cha maktaba, kipasha joto kikigonga ukutani kama mtu anayedai kufunguliwa. Nilimpa yangu. Akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Heledd, wewe si ndiye uliyekuwa ukizunguka bonde zima na gari lako, unahudumia wazee?"

"Ndiyo, mwalimu. Kabla sijajifungua."

"Na mafuta walikuwa wanakulipa vipi?"

"Hawalipi. Wanasema yamo ndani ya mshahara."

Fundi bomba mmoja aliyekaa nyuma akaangua kicheko. "Yamo ndani kama nyama ndani ya pai ya kantini!"

Mwalimu hakucheka. Akaandika ubaoni: 45. Akasema serikali inahesabu kila maili unayoendesha kwa kazi, kutoka nyumba ya mteja mmoja hadi ya mwingine, kuwa ni peni arobaini na tano. Mwajiri asipokulipa hizo, ni gharama zako wewe, na mfanyakazi ana haki ya kudai nafuu ya kodi juu ya gharama hizo. Miaka minne kurudi nyuma.

Nilipiga hesabu pembeni mwa daftari. Nyumba saba kwa siku, mwaka mzima, nilikisia maili elfu tano na mia mbili. Mara arobaini na tano. Nikasimama. "Pauni elfu mbili mia tatu na arobaini!"

"Kaa chini, mama Mabli. Hawakurudishii gharama. Wanakurudishia kodi uliyokatwa juu ya gharama hizo. Asilimia ishirini. Hilo ndilo somo letu la leo."

Mia nne sitini na nane. Sikukaa. Shule ya awali iliyo karibu na chuo cha uuguzi ilikuwa inataka amana ya pauni mia tatu na hamsini kabla Juni haijaisha, ili nafasi ya Mabli isipewe mtoto mwingine. Bila nafasi hiyo mimi Septemba siendi chuoni, hata nikifaulu hesabu zote za dunia. Rhodri mume wangu anaendesha lori, harudi nyumbani ila Ijumaa. Mama yangu hayupo tena. Tulikuwa tumeshapekua kila mfuko wa kila koti.

"Ni mwaka gani ulioendesha hivyo?" mwalimu akauliza.

"Ule wa barakoa. Nilikuwa na mimba ya Mabli."

Akatazama kalenda ya maktaba. "Basi una siku kumi na moja. Madai ya mwaka huo yanafungwa tarehe tano Aprili. Na wanataka orodha: tarehe, postikodi ya anwani ulikotoka, postikodi ya ulikokwenda, na sababu ya kila safari. Si kukisia, Heledd. Kuonyesha."

Kuonyesha! Katika mwaka ule nilikuwa sikumbuki hata kama nimekula. Tulivaa aproni za plastiki, glavu, barakoa, tunaingia nyumba hii tunatoka ile, na ninachokumbuka vizuri ni harufu ya sabuni mikononi na mtoto akijinyoosha tumboni nikipanda mlima kwa gia ya pili. Tarehe ningezitoa wapi?

*

Kwenye kazi yetu, kila kitu kimo kwenye ratiba. Ratiba ya zamani hufutika kwenye simu baada ya muda, lakini ofisini hukaa. Alhamisi nikaenda kwa Bi Beynon, meneja wetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, ambaye huita kila mtu mpenzi, hata anayemfukuza kazi.

"Ratiba za mwaka ule zote? Mpenzi, utabeba na toroli?" Akacheka, akabonyeza mashine. Kurasa zikaanza kutoka zikiwa na joto. Nilizipokea kama mtu anayepokea mkate.

Halafu nikasoma ukurasa wa kwanza, naye akausoma juu ya bega langu.

Saa moja kamili hadi saa moja na nusu, Mzee Probert. Saa moja na nusu hadi saa mbili, Bi Parfitt. Saa mbili hadi saa mbili na nusu, wale kina dada wawili wa Howells. Hivyo hivyo hadi mchana. Kutoka kwa Probert hadi kwa Parfitt ni kuvuka mlima, maili saba, nyuma ya trekta siku mbaya. Kwenye ratiba safari hiyo haikuchukua hata sekunde moja.

Sisi wahudumu wote tunajua jinsi mambo yanavyokwenda. Unafika saa moja, unaondoka saa moja na dakika kumi na tano, kisha kwenye jalada la mteja unaandika umeondoka saa moja na nusu. Umeelekezwa hivyo na aliyekutangulia, naye na aliyemtangulia. Halmashauri inalipa kampuni nusu saa kamili, na nusu saa kamili ndiyo inayoandikwa. Dakika za barabarani zinatoka kwa mzee. Hakuna anayeliita jambo hilo kwa jina lake.

"Sasa," Bi Beynon akasema polepole, "hizi unampelekea nani?"

"Watu wa kodi. Nadai nafuu ya gari langu."

Akaweka kiganja juu ya zile kurasa. Hakuzinyakua, aliziwekea kiganja tu, lakini sikuweza kuzivuta.

"Mpenzi, kwa karatasi hizi wewe hukuendesha gari. Uliruka. Mtu akiuliza uliendesha saa ngapi, utamjibu nini? Na akiniuliza mimi nililipwa kwa dakika zipi, nitamjibu nini?" Akazichukua, akazipanga zikalingana, akazitia kwenye droo. "Nina barua yako ya chuo hapa mezani, ile ya kukusifu. Nataka kuiandika vizuri. Usinifanye nisijue la kuandika."

Alisema kwa sauti laini kabisa. Nilitoka nikasahau skafu yangu kitini, na sikurudi kuichukua.

Nje nilimkuta Tanwen, mwenzangu ambaye siku hizi ndiye aliyerithi njia yangu ya mlimani, anavuta sigara kando ya gari lake lililokula kutu. Nikamweleza.

"Shoga, wewe nawe," akasema. "Andika tu. Kila siku maili ishirini na tano, siku mia mbili na hamsini. Kompyuta itajua nini?"

"Lakini sizijui tarehe."

"Basi weka zote ila Krismasi. Wewe si mlokole, jamani. Mbona jaladani ulikuwa unaandika saa moja na nusu, mkono hautetemeki?"

Neno hilo lilinichoma. Alikuwa anatania, lakini liliingia. Nilitembea hadi nyumbani, nikapita nyumbani, nikafika hadi darajani, nikarudi. Mabli alikuwa amekaa dirishani kwa jirani akinitazama nikipita mara mbili.

"Mama, umesahau nyumba yetu?" akaniuliza.

*

Baada ya Mabli kuzaliwa nilipewa nyumba za mjini, za kwenda kwa miguu, na kati ya wateja wangu wa zamani niliyebaki naye ni Mzee Probert peke yake. Ana miaka themanini na minane. Maisha yake yote alikuwa kwenye kibanda cha ishara za reli, akivuta vyuma na kupiga kengele kumjulisha mwenzake wa kibanda kinachofuata kwamba treni inakuja. Reli ya bonde letu iling'olewa, kibanda kikabomolewa, lakini yeye hakuacha kazi. Saa yake ya ukutani ni ya reli. Ukiingia hakusalimii, anaitazama saa.

Ijumaa asubuhi niliingia.

"Dakika mbili umechelewa, binti. Kuna ng'ombe njiani?"

"Samahani, Mzee Probert. Sikulala vizuri."

Nilimwosha uso, nikampaka mafuta miguuni. Nilikuwa nafanya haraka haraka bila sababu, maana siku hizi nyumba inayofuata iko hatua mia moja. Soksi ikanidondoka mara mbili.

"Leo mikono yako imepagawa," akasema. "Sema."

Nikasema yote. Kodi, maili, tarehe, ratiba, droo ya Bi Beynon. Nilipofika kwenye zile dakika, nikainama nikashughulika na kiatu chake. "Mwaka ule, Mzee wangu, nilikuwa naondoka kabla ya wakati. Kila siku. Nilikuwa naandika saa moja na nusu, lakini..."

"Lakini ulikuwa unatoka saa moja na dakika kumi na sita. Wastani." Akanyoosha kidole kwenye rafu iliyo chini ya redio. "Lete madaftari yenye mgongo mwekundu. Matatu ya mwisho mkono wa kushoto."

Nikayaleta. Akafungua moja mapajani, akalitia kidole chenye ukucha wa manjano.

Ilikuwa ni mistari iliyopigwa kwa rula. Tarehe. Aliyekuja. Saa ya kuingia. Saa ya kutoka. Na safu ya mwisho: kaelekea wapi.

Nikakumbuka. Kila asubuhi ya mwaka ule, nikiwa mlangoni navua glavu, alikuwa akiniuliza, "Stesheni zinazofuata?" Nami nikidhani ni utani wa mzee aliyekosa wa kuongea naye, nilikuwa nikimtajia njia nzima: kwa Parfitt, kwa kina Howells, kule shamba la juu kwa yule mwenye mguu mbovu, na kadhalika hadi nyumba ya saba. Yeye alikuwa anaandika. Mtu wa ishara hawezi kuiacha treni iondoke bila kujua inakwenda kibanda gani. Tena siku moja moja alikuwa ameongeza maneno. "Amekohoa." "Tumbo limeanza kuonekana." "Theluji, nimemwambia apitie barabara ya chini."

Nilipangusa macho kwa mkono wenye mafuta, nikayawasha zaidi.

"Usilie juu ya daftari, wino ule si wa kudumu."

"Mzee wangu, ulijua siku zote, na hukusema kwa mtu."

"Niseme kwa nani? Ungefukuzwa wewe, angeletwa mwingine, naye angekimbia vilevile." Akashika kola ya shati lake. "Lakini usifikiri haikuniuma. Kuna siku uliondoka kitufe cha shati kikiwa kwenye tundu lisilo lake, nikakaa hivyo hadi jioni, vidole havikubali. Mtu mzima, kama mtoto aliyejivalisha mwenyewe. Usiniombe msamaha sasa. Nimekwambia ujue tu."

Nikakaa sakafuni na kiatu chake mkononi.

"Yachukue," akasema. "Lakini kwa sharti. Ukinakili tarehe na njia, nakili na saa. Kuingia na kutoka. Daftari lisilo na saa ni hadithi."

"Hawataki saa, Mzee. Fomu inataka tarehe na mahali tu."

"Mimi ndiye ninayetaka."

*

Ijumaa jioni, Jumamosi, Jumapili. Niliandika mezani jikoni, nikaandika nimesimama kando ya jiko, nikaandika huku supu ya kondoo ikimwagika. Siku mia mbili thelathini na mbili. Rhodri alipika, akamwogesha mtoto, akanitafutia postikodi kwenye simu. Jumapili mchana akasogeza kiti akasoma safu mbili za saa.

"Mke wangu, hizi safu ndizo zitakazokukosesha chuo."

"Najua."

"Nizikate kwa mkasi? Pembeni tu hapa. Karatasi itabaki nzuri."

"Nilimwahidi."

"Mzee atajuaje?"

"Atauliza. Wewe humjui. Ataniuliza, halafu ataandika jibu."

Rhodri akacheka hadi akashika meza, nami nikacheka, kisha kicheko kikatuishia wote wawili kwa pamoja. Akaninong'oneza kwamba angeweza kuomba safari za Jumamosi pia, amana tukaipata kwa njia hiyo, na madaftari nikayarudisha. Nilimtazama. Mifuko iliyo chini ya macho yake ilikuwa ya kijivu. Safari za Jumamosi! Mtoto angemjua baba yake kwa picha.

Nilijiuliza swali moja tangu Jumapili hadi Jumatatu, nikifua, nikinyoosha nguo, nikimkuna mgongo Bi Fulani wa mtaa wa pili mahali pasipomwasha. Kama nakwenda kusomea uuguzi, jalada la mgonjwa nitaliandikaje? Saa ya dawa nitaiandika ile iliyopaswa kuwa, au ile iliyokuwa? Nilikuwa nikilijua jibu. Kujua ndiko kulikoninyima utulivu.

Jumanne, tarehe mosi Aprili, nikatoa nakala ya orodha, nikaenda ofisini kabla Bi Beynon hajavua koti.

"Sikuja kuomba ratiba," nikasema, nikimpa ile nakala. "Nimepata tarehe kwingine. Kesho natuma orodha hii. Nimeona si vizuri uje uisikie kwa watu."

Alisoma amesimama. Alifungua ukurasa wa pili, wa tatu, akarudi wa kwanza. Shingo ikamwiva.

"Dakika kumi na nne," akasoma. "Dakika kumi na tisa. Kumi na moja. Hizi nani kaziandika?"

"Mzee Probert."

"Yule kikongwe wa reli." Akaketi kwa uzito. "Leo ni siku ya wajinga, Heledd. Niambie unanitania."

"Sikutanii, Bi Beynon. Na jina lililo juu ni langu. Mimi ndiye niliyeandika saa moja na nusu kwenye jalada. Hakuna mahali nimesema uliniambia wewe."

"Na nani atakayeamini kwamba sikukwambia?"

"Sijui."

Aligeukia dirisha. Nilibaki nimesimama. Kisha akasema, si kwa sauti ya kwaya, "Nimeendesha njia ile ile miaka kumi na mmoja kabla ya kukaa kwenye kiti hiki. Kilima kile kimeniulia magari mawili." Akasukuma karatasi kwangu. "Toka. Nina kazi."

"Na barua?"

"Nimesema toka, mpenzi."

*

Jumatano nikasimama mbele ya dirisha la posta na bahasha nene iliyofungwa kwa gundi pande zote.

"Inatakiwa ifike lini?" mama wa posta akauliza.

"Kabla ya Jumamosi."

"Basi tuma kwa njia ile ya kutiwa sahihi na anayepokea. Ghali kidogo."

Nililipa. Nilipompa bahasha, mkono wangu haukuiachia mara moja, ikawa tunaivuta wote wawili juu ya mizani. "Dada," akasema, "ama unaituma au huitumi." Nikaiachia.

Wiki zikafuata ambazo sikumbuki nilikaa lini. Kila gari lenye rangi nyekundu ya posta lilinitoa hadi mlangoni. Kazini Bi Beynon alinipita kama mlango. Tanwen akaniita malaika wa bonde, akaacha kuniita hivyo alipoona sicheki. Halafu, katikati ya Mei, akaja mbio kunikuta njiani na simu mkononi.

"Tazama! Tazama ratiba!"

Kati ya Probert, ambaye siku nyingine humhudumia yeye, na Bi Parfitt, palikuwa na robo saa tupu. Kati ya Parfitt na kina Howells, dakika kumi. Njia ya mlimani tu, wala si ya wahudumu wote, na nyumba ya saba ilikuwa imeondolewa, kwa hiyo Tanwen amepoteza malipo ya nusu saa kwa siku.

"Sijui nikubusu au nikupige kofi," akasema.

"Fanya vyote."

Akanifinya shavu kwa nguvu, akaondoka.

Barua ya kampuni kwenda chuoni nilipewa nakala yake wiki hiyo hiyo. Mistari mitatu. Amefanya kazi hapa tangu tarehe fulani. Hajawahi kukosa zamu. Anaandika kumbukumbu kwa usahihi. Hakuna sifa nyingine hata moja, wala jina langu halikuwa na neno zuri mbele yake. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi, na sikujua kama ile sentensi ya tatu ni heshima au ni kijembe. Chuo hakikuuliza. Kiliniita kwenye usaili, na siku tisa baadaye kikanipa nafasi, mradi hesabu nifaulu.

Ya kodi ilikuja mwisho, tarehe kumi na sita Juni. Nilikuwa nimekadiria maili elfu tano na mia mbili. Daftari lilionyesha elfu nne mia nane na sabini, na ndizo walizokubali zote, bila kuuliza hata swali moja kuhusu zile safu mbili za saa. Sijui kama kuna mtu aliyezitazama. Pauni mia nne thelathini na nane, na peni thelathini.

Nilimvalisha Mabli viatu kinyume, nikavivua, nikamvalisha tena. Tulipanda basi hadi shule ya awali, na mwanamke wa mapokezi akasema ningeweza kulipa kwa mtandao, si lazima kuja.

"Nilitaka kuona nafasi yenyewe," nikamwambia.

Akatuonyesha. Ilikuwa kulabu ya ukutani ya kutundikia koti, kimo cha kifua cha mtoto, na juu yake kibandiko kisichoandikwa jina bado. Mabli akavua koti lake la mvua papo hapo, ingawa Septemba ilikuwa mbali, akalitundika, likaanguka, akalitundika tena kwa kofia yake, likashika.

"Tutaliacha hapa?" akauliza.

"Hapana, kipenzi. Bado."

Lakini tulisimama pale kidogo, likining'inia.